Kadi za michoro za zamani na za sasa: namba za jedwali zina uzito gani unapochagua

Mtu anayetaka kuchagua kati ya kadi ya michoro iliyotamba miaka kadhaa iliyopita na kadi ya daraja la kati ya hivi karibuni hukutana mapema na jambo linalotatiza: jedwali la sifa linaipa kadi ya zamani ushindi katika mistari mingi, ilhali majaribio ya michezo ya sasa yanaipa ushindi ile mpya. Jedwali halidanganyi, na majaribio nayo hayajakosewa. Namba nyingi zinazoandikwa kwenye jedwali zina maana kamili ndani ya kizazi kimoja tu cha kadi, na mtu anapozivusha kutoka kizazi hadi kizazi, maana hiyo hulegea na wakati mwingine hugeuka kabisa. Swali la kujiuliza mbele ya kila mstari, basi, ni kama unastahili kuamua ununuzi wako au la.

Mfano mkuu nitakaoutumia ni kadi tatu za NVIDIA, kwa kuwa tofauti zao zinaonyesha karibu kila mtego uliopo. GTX 1080 Ti ilitoka Machi 2017, na wakati huo ilikuwa miongoni mwa kadi zenye nguvu kuliko zote zilizouzwa kwa wachezaji. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 na RTX 4060 ikatoka Juni 2023. Hizi mbili ni za daraja la kati.

| Sifa | GTX 1080 Ti | RTX 3060 (GB 12) | RTX 4060 |
|---|---|---|---|
| Mwaka | 2017 | 2021 | 2023 |
| Viini | 3,584 | 3,584 | 3,072 |
| Trilioni za hesabu kwa sekunde | 11.3 | 12.7 | 15.1 |
| Kumbukumbu | GB 11, GDDR5X | GB 12, GDDR6 | GB 8, GDDR6 |
| Upana wa njia ya kumbukumbu | biti 352 | biti 192 | biti 128 |
| Data inayopita kwa sekunde | GB 484 | GB 360 | GB 272 |
| Akiba ya ngazi ya pili | MB 2.75 | MB 3 | MB 24 |
| Umeme | wati 250 | wati 170 | wati 115 |
| Muunganisho wa PCIe | 3.0, njia 16 | 4.0, njia 16 | 4.0, njia 8 |

Idadi ya viini

Mstari wa viini, yaani vitengo vidogo vya hesabu vilivyo ndani ya chipu, ndio unaotazamwa kwanza na watu wengi, na ndio ninaoupa uzito mdogo kuliko yote pale kadi zinapotoka vizazi tofauti. GTX 1080 Ti na RTX 3060 zina idadi ileile, 3,584, na katika michezo isiyotumia ufuatiliaji wa miale (kukokotoa safari ya mwanga ili vivuli na mng'ao vifanane na vya kweli) zinakaribiana sana, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani kuwa viini ni kipimo cha kutegemewa. Ukiiweka RTX 2070 katikati yao, dhana hiyo inavunjika. Kadi hiyo ya Oktoba 2018 ina viini 2,304 tu, lakini katika michezo mingi huenda karibu sambamba na RTX 3060, ambayo kwenye karatasi inaizidi viini kwa asilimia 55.

Sababu ni namna ya kuhesabu. Kadi ya michoro inapochora picha hufanya hesabu za aina mbili kwa pamoja: hesabu za namba zenye desimali, zinazotoa rangi na mahali pa kila nukta, na hesabu za namba kamili, zinazotumika zaidi kutafuta anwani za data kwenye kumbukumbu. Ilipozindua mwaka 2018 usanifu wa Turing, yaani muundo wa ndani wa chipu kama ile ya RTX 2070, NVIDIA ilieleza kwamba katika michezo kuna takriban maagizo 36 ya namba kamili kwa kila maagizo 100 ya desimali. Turing iliyatengea maagizo ya namba kamili vitengo vyake vya pekee, na vitengo hivyo havikuhesabiwa kuwa viini kwenye jedwali. Usanifu wa Ampere uliofuata mwaka 2020, ambao ndio wa RTX 3060, uliviwezesha vitengo hivyohivyo kufanya pia hesabu za desimali, na tangu hapo vikaingizwa kwenye hesabu ya viini. Idadi ikaongezeka maradufu katika kila kundi la viini, ilhali nusu ya viini hivyo bado inalazimika kuacha desimali kila mchezo unapoleta hesabu za namba kamili.

Mstari wa trilioni za hesabu kwa sekunde unarithi udhaifu huo moja kwa moja, kwa kuwa unapatikana kwa kuzidisha viini kwa mbili na kisha kwa kasi ya saa ya kadi. Ni kilele cha nadharia ambacho hakuna mchezo unaokifikia, na umbali kati ya kilele hicho na kazi halisi hutofautiana kwa kila usanifu.

Upande wa AMD, kampuni inayoshindana na NVIDIA, tofauti ni kubwa zaidi. RX 580 ya Aprili 2017 ina viini 2,304, njia ya kumbukumbu ya biti 256, na hupitisha GB 256 kwa sekunde. RX 6600 ya Oktoba 2021 ina viini 1,792, njia ya biti 128, na hupitisha GB 224 kwa sekunde. Mtu akisoma mistari hiyo mitatu peke yake atachukua RX 580 bila kusita, na atakuwa amechukua kadi inayoachwa mbali katika karibu kila mchezo, tena inayokula wati 185 dhidi ya 132. Usanifu wa GCN uliomo ndani ya RX 580 hukusanya kazi katika mafungu ya nyuzi 64 na kulipitisha kila fungu kwenye vitengo 16 kwa mizunguko minne ya saa. RDNA, iliyoanza mwaka 2019, hutumia mafungu ya nyuzi 32 yanayopita kwa mzunguko mmoja kwenye vitengo 32, na hivyo viini hukaa bila kazi mara chache zaidi. Juu ya hayo, RX 580 hufikia gigahezi 1.34, ilhali RX 6600 hupanda hadi karibu 2.5. Viini vichache vinavyofanya kazi muda wote, na kwa kasi inayokaribia maradufu, hushinda vingi vinavyosubiriana.

Kwa hiyo nitumie idadi ya viini lini? Ninapolinganisha ndugu wa familia moja, kwa mfano RTX 4060 yenye viini 3,072 na RTX 4060 Ti yenye 4,352. Hapo usanifu ni mmoja, na idadi inasema jambo la kweli. Nje ya hapo, nafasi ya mstari huo inachukuliwa na majaribio ya michezo unayoicheza wewe.

Upana wa njia na kasi ya data

Kasi ya kupitisha data hupatikana kwa kuzidisha upana wa njia kwa kasi ya kila biti, kisha kugawa kwa 8. GTX 1080 Ti ina biti 352, kila moja ikipitisha gigabiti 11 kwa sekunde, na matokeo ni GB 484. RTX 4060 ina biti 128 kwa gigabiti 17, na matokeo ni GB 272. Mtu ana haki ya kuuliza jinsi kadi ya mwaka 2023 inavyoweza kuizidi ya 2017 huku ikipitisha kidogo zaidi ya nusu ya data.

Jibu liko kwenye mstari ambao wauzaji wengi hawauandiki kabisa, yaani akiba ya ngazi ya pili. Akiba hii ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo ndani ya chipu yenyewe. Data inayohitajika tena na tena ikikaa humo, kadi haina haja ya kwenda kuichukua kwenye kumbukumbu kuu, na safari zilizoepukwa ni sawa na njia iliyopanuliwa. Kutoka MB 2.75 hadi MB 24 ni ongezeko la karibu mara tisa. AMD ilitangulia na wazo hilohilo kwa jina la Infinity Cache, na RX 6600 imebeba MB 32 za akiba hiyo, jambo linaloeleza kwa nini biti zake 128 hazikuiangusha.

Hata hivyo akiba ina mpaka, na mpaka huo ni lazima uujue kabla ya kulipa. Linganisha RTX 3060 Ti ya Desemba 2020 na RTX 4060 Ti ya Mei 2023. Ya kwanza ina njia ya biti 256, GB 448 kwa sekunde na akiba ya MB 4; ya pili ina biti 128, GB 288 kwa sekunde na akiba ya MB 32. Kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, ile mpya inaongoza. Kadiri skrini inavyokuwa kubwa, data ya kila fremu huongezeka na sehemu yake kubwa haitoshi tena ndani ya akiba, hivyo kadi hurudi kutegemea njia yake nyembamba, na kwenye pikseli 3840 kwa 2160 pengo kati ya hizo mbili hupungua hadi katika baadhi ya michezo halionekani. Mwenye skrini ndogo, basi, asiogope biti 128. Mwenye skrini kubwa azihesabu kuwa upungufu wa kweli.

Kiasi cha kumbukumbu, na njia za PCIe

Katika mstari huu nasimama upande wa kadi za zamani zilizokuwa kileleni. GB 11 za mwaka 2017 ni nyingi kuliko GB 8 zilizowekwa kwenye RTX 4060 miaka sita baadaye, na tena kwenye RTX 5060 ya Mei 2025. Hakuna akiba wala kasi ya saa inayoweza kuziba pengo hilo, kwa sababu tatizo la kumbukumbu iliyojaa ni la aina nyingine.

Mchezo unapohitaji GB 10 kwenye kadi yenye GB 8, data iliyozidi huhamishiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuletwa kupitia PCIe, yaani muunganisho kati ya kadi na ubao mama, pale inapohitajika. Njia 16 za PCIe 3.0, au njia 8 za PCIe 4.0, hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Hiyo ni sehemu ndogo mno ya zile GB 272. Dalili zake huzioni kwenye wastani wa fremu kwa sekunde, ambao unaweza kubaki mzuri. Unaziona pale unapogeuza kona ndani ya mchezo na picha ikasimama kwa kitambo, au ukuta ukabaki na rangi zenye ukungu kwa sekunde kadhaa kabla ya maelezo yake kujaa. Kwa hiyo unaposoma majaribio, tafuta safu ya asilimia 1 ya fremu za chini kabisa. Kadi mbili zenye wastani wa fremu 70 zinaweza kutofautiana hapo kwa kiasi cha kufanya moja ifurahishe na nyingine ichoshe.

Hapa pia ndipo mstari wa mwisho wa jedwali unapopata maana. RTX 4060 hutumia njia 8 tu. Kwenye ubao mama wenye PCIe 4.0 inapata GB 16 kwa sekunde, lakini ikichomekwa kwenye ubao wa zamani wenye PCIe 3.0 inabaki na takriban GB 8, kwa sababu njia 8 zilizokosekana haziwezi kurudishwa na nafasi ndefu iliyoko kwenye ubao. Mradi kumbukumbu haijajaa, hasara hiyo ni ndogo. Ikijaa, inaonekana mara moja. Mfano mbaya kuliko yote ni RX 6500 XT ya Januari 2022, yenye njia 4 tu na kumbukumbu ya GB 4: kwenye ubao wa PCIe 3.0 inabaki na takriban GB 4 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ndogo hujaa haraka. Kinachouma ni kwamba kadi za bei nafuu za namna hii hununuliwa zaidi na watu wanaotaka kufufua kompyuta za zamani, yaani walewale ambao ubao wao hauna PCIe 4.0. Kwa watu hao kadi ya kizazi cha nyuma yenye njia 16 kamili huwa ununuzi wenye busara zaidi kuliko kadi mpya iliyopunguzwa.

Wanaoendesha modeli za akili bandia kwenye kompyuta zao wanahitaji kusoma mstari wa kumbukumbu kabla ya mingine yote. Modeli ama inaenea kwenye kadi ama haienei, na kwa kazi hiyo RTX 3060 ya GB 12 inaweza kubeba kilichoishinda RTX 4060 yenye kasi kubwa zaidi. Ila wasivutwe na GB 11 za GTX 1080 Ti. Kadi hiyo haina viini vya tensa, vilivyoundwa kwa hesabu za akili bandia, hesabu zake za biti 16 zinakwenda kwa sehemu moja ya 64 ya kasi ya biti 32, na CUDA 13, toleo la mwaka 2025 la programu ya NVIDIA ambayo kazi hizo huitegemea, imeacha kabisa kuhudumia usanifu wake wa Pascal.

Mambo ambayo kadi ama inayo ama haina

Mistari niliyoipitia mpaka sasa ni ya kiasi: kubwa au ndogo, haraka au polepole. Kuna sifa nyingine ambazo ni kama lango, na kadi isiyo nazo haipiti hata iwe na nguvu kiasi gani. Kwa maoni yangu hizi ndizo zinazoamua thamani ya kadi ya zamani leo, na inasikitisha kwamba kwenye matangazo ya kadi zilizotumika hazitajwi kabisa.

Lango la kwanza ni DirectX 12 Ultimate, toleo la programu ya Windows ambayo michezo huitumia kuzungumza na kadi, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2020. Inadai ufuatiliaji wa miale unaofanywa na maunzi yenyewe, pamoja na namna mpya ya kuchakata maumbo. Kwa NVIDIA inaanzia kwenye familia ya RTX 20 ya mwaka 2018, na kwa AMD inaanzia RX 6000 ya mwaka 2020. GTX 1080 Ti, RX 580 na hata RX 5700 XT ziko nje. Kwa miaka mingi lango hilo lilikuwa la jina tu, kwa sababu kila mchezo ulikuwa na njia mbadala. Hali imebadilika. Alan Wake 2 ya Oktoba 2023 ilitegemea uchakataji huo mpya wa maumbo, na kadi zisizokuwa nao zikaonekana dhaifu kupita kiasi. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zimeweka ufuatiliaji wa miale kwenye maunzi kuwa hitaji la chini kabisa. Mwenye RTX 2060 Super, kadi ya mwaka 2019 yenye GB 8, amo ndani ya mahitaji hayo. Mwenye GTX 1080 Ti hayumo, ingawa katika michezo ya wakati wake kadi yake ilikuwa na nguvu zaidi.

Lango la pili ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. NVIDIA imetangaza kwamba kadi za Maxwell na Pascal, yaani familia za GTX 900 na GTX 10, zilifika mwisho wa draiva za michezo Oktoba 2025, na kwamba zitaendelea kupata masasisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. AMD nayo iliziweka kadi za Polaris na Vega, RX 580 ikiwemo, kwenye tawi la draiva lenye masasisho machache tangu mwishoni mwa 2023. Kadi isiyopata draiva mpya haizimiki, na michezo iliyokwisha kutoka itaendelea kuchezeka vilevile. Shida huanza na mchezo mpya wenye hitilafu kwenye kadi hiyo, kwa kuwa hakuna atakayeirekebisha.

Lango la tatu ni teknolojia za kukuza picha, ambazo huchora mchezo kwa pikseli chache na kuujaza uonekane kama umechorwa kwa pikseli nyingi. DLSS ya NVIDIA inahitaji kadi ya RTX, na uwezo wake wa kuzalisha fremu za kati ulianzia RTX 40. FSR ya AMD katika matoleo yake ya awali hufanya kazi hata kwenye kadi za zamani za makampuni yote, na imewapa wenye GTX 10 muda wa ziada, ila picha yake haifikii ubora wa DLSS, hasa kwenye skrini ndogo. FSR 4, iliyopunguza pengo hilo kwa kiasi kikubwa, ilikuja Machi 2025 pamoja na kadi za RX 9000. Tahadhari moja kuhusu matangazo: fremu zilizozalishwa katikati hulainisha mwendo lakini hazifupishi muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo, hivyo mchoro wa kampuni unaozijumlisha na fremu za kawaida usichukuliwe kuwa ulinganisho wa nguvu za kadi.

Kwa wanaohariri au kurusha video, lango ni AV1, mfumo mpya wa kubana video. GTX 1080 Ti husoma H.264, HEVC na VP9 bila taabu, lakini AV1 inaangukia kwenye prosesa. RTX 30 na RX 6000 huisoma, isipokuwa RX 6500 XT na RX 6400. Kuiandika kunaanzia RTX 40, RX 7000 na kadi za Intel Arc.

Umeme, nyaya na skrini

Hapa maendeleo hayana ubishi. Chipu ya GTX 1080 Ti ina eneo la milimita za mraba 471 na transista bilioni 11.8, ya RTX 4060 ina takriban milimita za mraba 159 na transista bilioni 18.9. Kwa anayecheza saa nne kwa siku, tofauti ya wati 135 ni karibu kilowati-saa 197 kwa mwaka, na joto lote hilo huishia ndani ya chumba. Kadi ya zamani pia inadai plagi mbili, moja ya pini 8 na nyingine ya pini 6, ilhali RTX 4060 ya kawaida inaridhika na plagi moja ya pini 8, jambo linalomaanisha kwamba pawa saplai iliyopo huenda ikatosha.

Mwenye skrini ya zamani ya VGA ajue kwamba familia ya GTX 900 ndiyo ya mwisho ya NVIDIA kutoa mawimbi ya analogi kupitia DVI. Kuanzia GTX 10 atahitaji kigeuzi chenye chipu yake, kwa kuwa kiunganishi cha plastiki kitupu hakitafanya kitu. Mwenye skrini ya pikseli 3840 kwa 2160 inayokwenda mara 120 kwa sekunde kupitia HDMI atahitaji HDMI 2.1, ambayo kwa NVIDIA inaanzia RTX 30.

Intel Arc zina sharti lake. Arc B580 ya Desemba 2024, yenye GB 12, njia ya biti 192 na GB 456 kwa sekunde, ina jedwali linalovutia kuliko la RTX 4060, lakini inategemea sana uwezo uitwao Resizable BAR, unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, ambao ubao mama wa zamani mara nyingi hauna, na ikiunganishwa na prosesa dhaifu hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa kompyuta mpya ni chaguo zuri. Kwa kompyuta ya mwaka 2015 siishauri.

Jina moja, kadi mbili

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kadi iliyo mbele yako ndiyo uliyoilinganisha. GT 1030 ya mwaka 2017 hupitisha GB 48 kwa sekunde. Toleo la 2018 lenye kumbukumbu ya DDR4, chini ya jina lilelile, hupitisha GB 16.8, na katika michezo ni kadi nyingine kabisa. RTX 3060 ya GB 8 iliyokuja baadaye ilipunguziwa njia kutoka biti 192 hadi 128, na data kutoka GB 360 hadi 240 kwa sekunde. Kuna pia RX 580 yenye viini 2,048, ambayo kwa undani wake ni RX 570.

Programu ya GPU-Z, isiyolipiwa, inatosha kuyafichua haya. Ifungue kadi ikiwa imechomekwa, kisha linganisha idadi ya viini, aina ya kumbukumbu na upana wa njia na jedwali la kampuni. Mstari wa muunganisho wa basi uutazame kwa makini: ukisomeka PCIe x8 4.0 @ x8 3.0, sehemu ya kwanza ni uwezo wa kadi na ya pili ni kile ambacho ubao wako unaipa kwa wakati huo. Uusome huku kadi ikiwa na kazi, kwa sababu ikipumzika hujishusha yenyewe ili kuokoa umeme. Kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitangaze kuwa mpya hutambuliwa pia, na neno FAKE huandikwa mbele ya jina.

Nani achukue ipi

Aliye na GTX 1080 Ti tayari, anayecheza michezo ya kabla ya 2023 au ya mashindano, hana sababu ya kuharakisha. Kuhamia RTX 3060 kungempa lango la DirectX na GB moja ya ziada, lakini kasi ileile, na hilo haliniridhishi kama sababu ya kutoa pesa. Kama ni kuhama, ahamie kadi yenye GB 12 au zaidi na kasi iliyo juu ya RTX 4060 kwa kiasi kinachoonekana, kama vile RTX 5060 Ti ya GB 16.

Anayenunua kwa mara ya kwanza asinunue kadi ya GTX 10 wala RX 580 kwa ajili ya michezo ijayo, hata akiipata kwa bei ya kutamanisha. Kwa bajeti ndogo, RX 6600 iliyotumika ndiyo ninayoipendekeza kwa skrini ya 1920 kwa 1080, kwa kuwa imepita lango la DirectX na inakula umeme kidogo. Bajeti ikiruhusu zaidi, uchaguzi kati ya RTX 3060 ya GB 12 na RTX 4060 ufuate kazi: anayechanganya michezo na uundaji wa picha za pande tatu au modeli za akili bandia achukue GB 12, anayecheza tu, kwenye ubao wenye PCIe 4.0, na aliye tayari kushusha ubora wa maumbo na rangi kwenye mipangilio mara mojamoja, achukue RTX 4060. Mwenye ubao wa PCIe 3.0 anayesitasita kati ya hizo mbili achukue RTX 3060, kwa sababu njia zake 16 zitamfaa siku kumbukumbu itakapojaa.